Kuokota Pointi za Amerika Ndogo

Wenzangu vijana wa ofisi ya kitivo wamekataa kuniacha niende hivi hivi. Keki yao nimekula, saa ya ukutani nimeipokea, sasa wanadai na maandishi. Nimekubali kwa sharti moja: sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala mshahara ulikuwa kiasi gani. Mambo hayo yamo ndani ya faili langu, na anayetaka kucheka akayasome huko. Hapa nitaandika kazi.

Naitwa Kapinga. Wazazi wangu walitoka Kasai, baba akaajiriwa kwenye reli, nami nikazaliwa Lubumbashi na sijawahi kutamani kuzaliwa kwingine. Nilifika chuo kikuu nikiwa na cheti cha kupiga chapa na barua ya sista mmoja aliyenifundisha. Barua ilisema kwamba mimi ni msichana wa bidii ila ninajibu sana. Aliyeipokea aliisoma mpaka mwisho, akacheka, akanipeleka kwa Baba Kabwe.

Baba Kabwe alikuwa apariteri wa kitivo. Kwa msomaji asiyejua mambo ya chuo, apariteri ndiye anayeandikisha wanafunzi, anayepanga mitihani, anayekusanya pointi na kubandika matokeo ukutani. Walimu wanafundisha, apariteri ndiye anayejua nani kafundishwa. Alikuwa mtu mfupi, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na hakuniambia karibu. Alinipa karatasi yenye majina arobaini na pointi zao, akachukua kalamu, akasema: "Imba."

Nilidhani mzee kachanganyikiwa. Kumbe ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi. Mmoja anasoma jina, namba na pointi kwa sauti ya wimbo, mwingine anaandika na kuitikia zile pointi. Mkimaliza mnabadilishana, mnaimba upya kutoka chini kwenda juu. Alisema jicho linasinzia bila wewe kujua, lakini mtu hawezi kuimba huku amesinzia. Siku ile niliimba majina arobaini kwa sauti ya kanisani, na watu wa chumba cha pili wakagonga ukuta. Baba Kabwe hakujali. Alinipata nimekosea mara mbili, akaniambia nimeanza vizuri.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache, na ninavitaja kwa sababu ninyi mnavilalamikia vya kwenu. Kulikuwa na mashine moja ya kuchapia, yenye herufi ya r iliyokuwa ikiruka juu ya mstari. Kulikuwa na mashine ya ronéo ya kuzungusha kwa mkono, iliyotapika wino kila msimu wa mvua. Kulikuwa na rula ya chuma na penseli nyekundu. Karatasi za pointi tulizigundisha moja kwa nyingine kwa gundi ya unga wa muhogo hadi zikafunika meza nzima. Tuliziita shuka. Majina yalishuka upande wa kushoto, kozi zikapita juu, na kila mwanafunzi alikuwa na mstari wake mmoja. Walimu wote wakikaa kujadili matokeo, shuka ndilo linalowekwa mezani. Kisichoandikwa ndani ya shuka hakikufanyika.

Nilikuwa nimefanya kazi pale miaka michache aliporudi Profeseri Mukendi kutoka masomoni Amerika, na masanduku mawili ya vitabu na wazo moja. Alitaka wanafunzi wa historia, wa Kiingereza, wa jiografia, wa uchumi, kila mmoja abaki katika somo lake kubwa, lakini aongeze kozi tano juu ya Amerika kutoka milango tofauti ya chuo, yaani idara tofauti. Mwenyewe angefundisha historia na fasihi. Jiografia, uchumi na maisha ya jamii zingefundishwa na wengine watatu. Hati rasmi iliyaita masomo hayo kwa jina refu la Kifaransa lililojaza mistari miwili. Wanafunzi wakayaita Amerika Ndogo, na ukimwuliza mmoja ametoka wapi atakuambia kwa uso mkavu kwamba ametoka Amerika na anarudi huko saa nane.

Zama zile Chama kilikuwa kimoja, na kila jambo liliulizwa lina faida gani kwa taifa. Katika mkutano mmoja mjumbe wa Chama alimwuliza Profeseri Mukendi kwa nini tusome Amerika wakati nchi yetu wenyewe hatujaimaliza. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za mkutano, kwa hiyo jibu lake ninalo. Alisema: "Nabo banachimbaka shaba, sawa shiye. Tuone benye kuchimba banaishi namna gani." Mjumbe alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona, na Amerika Ndogo ikapita.

Nilikuja kuipenda, na nasema wazi. Mwalimu wa jiografia aliwapeleka wanafunzi kutazama ule mlima mweusi wa takataka za shaba na bomba refu la tanuru, akawauliza nani kati yao baba yake anakaa nyumba ya kampuni na kula unga wa kampuni. Mikono mingi ilinyooka. Akawaambia basi sura inayofuata, ya miji ya shaba ya Arizona, mnaijua tayari, someni tu muone kama mwandishi anaijua. Ramani tuliyokuwa nayo ilichorwa na fundi mmoja wa mtaa wa mji wetu uitwao Kenya, aliyezoea kuchora vibao vya baa. Katika ule mto wao mkubwa aliweka kiboko. Alisema mto mkubwa namna ile hauwezi kukosa kiboko, na Profeseri Mukendi akaamua kibaki.

Ugumu ulikuwa wangu. Kitu cha milango minne hakina mwenyewe. Walimu waligombana nani afundishe mambo ya pamba na watumwa, wa historia au wa uchumi, na vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilidumu kuliko vile vya Waamerika. Pointi nilizifuata kwa miguu, mlango hadi mlango, na mkoba wa turubai begani. Mmoja alisahihisha kwa jumla ya ishirini, mwingine kwa jumla ya mia. Mwingine aliniandikia nyuma ya pakiti ya sigara akaudhika nilipomwomba sahihi. Nanyi mnaokuja nyuma yangu, shikeni hili: pointi zisizo na sahihi ni uvumi. Simameni mlangoni mpaka mtu atie sahihi, hata kama anajifanya yuko kwenye simu.

Kisha ukaja mwaka wa majina. Ilitolewa amri kwamba majina ya ubatizo yaachwe, kila mtu achukue ya mababu, na tuitane citoyen na citoyenne, yaani raia. Sina haja ya kueleza zaidi, wakubwa wote wanakumbuka. Nitaeleza tu ilivyokuwa ofisini. Wanafunzi wote walibadilika majina kwa mkupuo mmoja, na chuo nacho, ili kuongeza chumvi, kikatoa namba mpya za wanafunzi. Baba Kabwe alinunua daftari nene. Upande wa kushoto tuliandika jina la zamani na namba ya zamani, upande wa kulia jipya na namba mpya. Tulipita madarasa yote, kiti kwa kiti, tukimwuliza kila mtu. Daftari lile la pande mbili lilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijivuna nalo. Kila mwanafunzi aliyekuwepo aliandikwa.

Aliyekuwepo. Asiyekuwepo hakuandikwa, na mimi sikulifikiri hilo.

Baba Kabwe alistaafu, akaenda kulima mahindi yake Annexe, pembezoni mwa mji, na ofisi ikabaki mikononi mwangu. Nilikuwa kijana, nilikuwa mwepesi, na niliamini kwamba hakuna karatasi inayoweza kunishinda. Mwishoni mwa mwaka uliofuata nililitengeneza shuka la Amerika Ndogo peke yangu. Niliimba peke yangu na kujiitikia peke yangu. Wanafunzi sitini na kitu, kozi tano.

Katika karatasi za zamani za Profeseri Mukendi, ambazo pointi zake zilitakiwa zihamishiwe mwaka ule kwa kuwa anayerudia hubaki na pointi za kozi alizokwisha kupita, nilikuta jina Béatrice Kalenga. Historia kumi na nne, fasihi kumi na tatu. Nililitafuta katika daftari la pande mbili, halimo. Nikajiambia huyu ni mmoja wa wakaidi, hajaleta jina jipya, ataleta. Nikampa mstari wake katika shuka, nikamwandikia zile pointi mbili, na kozi tatu zilizobaki nikatia alama ya kukosekana. Chini zaidi nikaandika mstari wa citoyenne Ngoie Mwadi, mwenye pointi nzuri za jiografia, uchumi na jamii, na ambaye kwa historia na fasihi hakuwa na kitu. Kwake pia nikatia alama ya kukosekana. Walimu wakakaa, wakasoma shuka, wakawaangusha wote wawili. Profeseri Mukendi ambaye angeweza kushtuka alikuwa amehamishiwa Kinshasa miezi mitatu kabla. Matokeo yakasomwa, yakabandikwa ukutani.

Asubuhi ya pili yake Mwadi alikuja ofisini. Nilimjua kwa sura: msichana mrefu, mkimya, mwenye kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto. Nilijua pia kwamba alikuwa anarudia. Mwaka mmoja nyuma aliugua kifua, akalazwa miezi mingi, vyeti vya hospitali vikaletwa kwa kuchelewa, na chuo kikauhesabu mwaka ule kuwa ameanguka. Kuanguka mara mbili kulikuwa na maana moja tu, nayo ni kutoka. Foleni nyuma yake ilifika kwenye ngazi.

"Mama," alisema, "nilifanyaka cours tano. Hapa muliniwekea tatu."

Nilimjibu kwamba karatasi inasema tatu, na karatasi ndiyo inayojua.

"Mama, mbele ya kugonjwa nilikuwa naitwa..."

"Mbele ya kugonjwa ni mbele, ilishapita," nikamkatiza. "Angalia foleni iko nyuma yako."

Hakulia wala hakubisha. Aliinamisha kichwa kama binti aliyelelewa vizuri, akatoka. Jina lile lilikuwa tayari mdomoni mwake, nami sikumpa nafasi ya kulitamka. Nimefanya kazi miaka mingi, nimewajibu vibaya watu wengi waliostahili, na silali nikiwaza juu yao. Huyo mmoja hakustahili.

Kilichoniamsha hakikuwa huruma, niseme ukweli. Ilikuwa ni mazoea ya kazi. Mwanafunzi aliyeanguka huja kulalamika ndani ya saa moja. Anakuja na kaka yake, na mjomba wake, na mara nyingine na padri. Siku ya pili jioni nilipokuwa nafunga, niliitazama orodha ya walioanguka, na nikaona kwamba wote wamekuja isipokuwa mmoja. Béatrice Kalenga hakuja. Hakuna aliyekuja kwa niaba yake. Hakuna hata mtu aliyeuliza. Mtu aliyeanguka asilalamike, nilijiambia, hayupo duniani.

Nilifungua kabati la fomu za zamani, zile za kabla ya majina. Fomu ya Béatrice Kalenga ilikuwepo, na picha imebanwa pembeni. Nywele zimesukwa kwa uzi, shati la shule, na juu ya nyusi ya kushoto kovu dogo. Nilikaa chini.

Baadaye nilielewa yote. Wengi wetu tuliacha jina la ubatizo tu na kubaki na la baba. Mwadi aliacha yote mawili, ukoo wake ukampa ya bibi yake. Na mwaka ule tulipopita na daftari kiti kwa kiti, yeye alikuwa kitandani hospitalini. Aliporudi alijiandikisha kwa jina jipya na namba mpya, na karani aliyekuwa zamu akamwambia kwamba pointi zake za zamani zitafuata zenyewe. Karani huyo nilikuwa mimi.

Sheria ya chuo ilikuwa hivi: matokeo yakishasomwa hayafunguliwi, isipokuwa ofisi yenyewe ikiri kwa maandishi, ndani ya siku tatu, kwamba ilikosea kuandika. Siku mbili zilikuwa zimekwisha. Asubuhi ya tatu nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa kitivo, Profeseri Kasongo, kabla hajavua koti. Alikuwa mtu mwema asiyependa makelele. Alitazama picha, akatazama shuka, akapangusa miwani kwa muda mrefu. Hakutaka jina la ubatizo lipite mbele ya walimu wote na mjumbe wa Chama akiwa amekaa pale, na hakutaka ofisi yake iseme imekosea. Akapata njia.

"Andika kama Mukendi hakuletaka ma points," aliniambia taratibu. "Eko Kinshasa. Hatajua."

Nitakuwa mkweli kwenu kwa sababu ndiyo maana mmeniomba niandike. Nililifikiria. Njia ile ilikuwa nyepesi: Mukendi anaandikiwa, Mukendi anachelewa kujibu, lawama inabaki kwake, na mimi naendelea kuwa yule Kapinga asiyekosea. Lakini barua kwenda Kinshasa na kurudi ilichukua wiki, na siku yetu ilikuwa ile ile moja. Msichana angetoka wakati sisi tunangoja bahasha. Na zaidi ya hayo, yule mtu alikuwa amesimama mlangoni mwake na kunitilia sahihi kila mara bila kuombwa mara ya pili. Nilimwambia mkuu: "Alizileta, Citoyen Doyen, na signature yake iko. Ni miye niliziweka ku muntu mwengine."

Alinitazama, akasema basi niandike mwenyewe, na niwe tayari kusimama nyuma ya nilichoandika. Nilichapa barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na maneno "kutokana na mazingira", nikaichana. Ya pili ilitaja wingi wa kazi, nikaichana pia. Ya tatu ilikuwa na mistari minne: kwamba Béatrice Kalenga na Ngoie Mwadi ni mtu mmoja, kwamba ushahidi ni fomu na picha, kwamba niliwaandika kama watu wawili, na kwamba kosa ni langu. Nikatia sahihi na jina kamili. Herufi ya r ilikuwa imeruka juu kama kawaida yake, na hilo lilinituliza kidogo.

Walimu waliitwa saa tano. Waliingia wamenuna, kwa sababu likizo ilikuwa imeanza na mmoja alikuwa na tiketi ya treni mfukoni. Nilisimama mwisho wa meza, nikasoma barua kwa sauti. Nilifika kwenye jina la Béatrice. Mjumbe wa vijana wa Chama, aliyekuwa na haki ya kukaa katika kila kikao, aliweka kalamu chini.

"Béatrice njo nani?" aliuliza. "Ile jina inafanya nini tena mu makaratasi?"

Mkuu wa kitivo alitazama dirishani. Niliogopa, tena sana. Watu walikuwa wameshapoteza kazi kwa mambo madogo kuliko hilo. Lakini sista alikuwa ameshaandika kwamba ninajibu sana, na siku ile nikaona ni heri nimtendee haki.

"Jina balitosha, citoyen," nilimwambia, maana kwetu kutosha ni kuondoa. "Ma points, hapana muntu alisema batoshe."

Mwalimu wa jiografia aliinama kama aliyeangusha kitu, na mabega yakamcheza. Yule mjumbe alichukua kalamu yake, akasema orodha itakayobandikwa iwe na jina la Zaire tu, na nikamwambia ndivyo nilivyokusudia. Picha ikapita mkono kwa mkono. Mwalimu wa uchumi ndiye aliyejumlisha, mimi nikiimba pointi mbele ya watu wote. Kumi na nne, kumi na tatu, kumi na mbili, kumi na tano, kumi na mbili. Wengine pale mezani walikuwa wamejiandaa kumwongezea nusu pointi za huruma, kama tunavyofanya kwa wanaokaribia. Hazikuhitajika. Alikuwa amepita kwa miguu yake mwenyewe, na alikuwa amepita tangu siku ya kwanza. Kilichokuwa kimebaki ni mimi kujua kuhesabu mtu mmoja.

Mimi nilipewa onyo la maandishi, liko kwenye faili, na tangu mwaka ule hakuna shuka lililotengenezwa na mtu mmoja katika kitivo hiki. Mnaona sasa kwa nini niliwalazimisha kuimba wawili wawili hata mlipokuwa mnacheka. Profeseri Mukendi nilimwandikia mwenyewe nikamweleza yote, pamoja na lile nililokaribia kulifanya. Alinijibu kwa postikadi yenye picha ya mto Zaire, na nyuma ameandika kwamba ameangalia vizuri na kiboko hakuna.

Lakini orodha mpya ilipobandikwa mchana ule, Mwadi hakuwepo kuisoma. Rafiki zake waliniambia kwamba ameshatoa vitu vyake chumbani, amekwenda kwa baba yake katika mtaa wa Kenya, na kwamba baba anamtuma Sakania kwa shangazi yake auze vitenge sokoni. Treni ilikuwa kesho yake asubuhi. Nilifunga ofisi kabla ya saa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikaweka barua yangu na nakala ya orodha ndani ya mkoba wa turubai, nikaenda.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, mlango wazi, sanduku limefungwa kamba na kuwekwa karibu na kizingiti. Baba yake alikuwa mtu wa tanuru la shaba, mzito wa mwili na mwepesi wa kunyamaza, mikono ina madoa ya kuungua hadi kwenye viwiko. Alisema binti ameenda bombani kuteka maji, akanipa kiti cha pekee kilichokuwa na mgongo. Nilijitambulisha, kisha nikamweleza kila kitu, kuanzia daftari hadi kikao cha asubuhi, bila kujipunguzia. Nilimwambia kwamba mtoto wake hakuanguka, mimi ndiye niliyemwangusha, na kwamba alikuja kuniambia nikamfukuza. Nilimwomba radhi kama mtu anavyomwomba mzazi, kichwa chini.

Alijibu akitazama mikono yake: "Siku tatu hizi nilimuita muvivu."

Nilitoa orodha, nikamwonyesha palipoandikwa Ngoie Mwadi, na neno lililofuata mbele yake. Aliweka kidole juu ya jina, akalifuata polepole, akatikisa kichwa. Kisha akaniuliza:

"Na Béatrice?"

Nilianza kumweleza upya kwamba ni mtu mmoja, kwamba majina mawili...

"Hiyo najua, Mama. Ni miye nilimuzala, ni miye nilimupa ile jina." Alisema kwa upole. "Nauliza kama naye alipita."

Nilielewa. Orodha haikuwa na jina hilo, na isingekuwa nalo. Nilitoa barua yangu mkobani, nikaifungua juu ya goti lake, nikamwonyesha mstari wa kwanza, mahali majina yote mawili yalipoandikwa, na chini yake sahihi yangu na mhuri wa kitivo. "Alipita, Baba," nilimwambia. "Bote babili."

Aliitazama karatasi ile kuliko alivyoitazama orodha. Kisha akasimama, akaenda mlangoni. Karakana ilikuwa imenyamaza kwa mapumziko, njiani watu wamejaa, na katika nyumba ya pili kulikuwa na mtu ambaye, nilivyojua baadaye, alikuwa mkuu wa kikundi cha Chama katika mtaa ule. Aliweka mkono juu ya lile sanduku la kamba, wala hakushusha sauti.

"Béatrice," aliita. "Kuya ufungule valise."